Kusifia na Kukosoa Vyakula vya Hotelini na Vibandani: Wapi Mpaka wa Nasaha na Wapi Inaanza Dhulma



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mwenye kuwaruzuku waja Wake. Rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad:

Swali

Dada yetu mmoja wa hapa Unguja ametuandikia hivi:

"Mwanangu ana umri wa miaka 19. Kila jioni huzunguka na simu yake, anakula kwenye hoteli ndogo na vibanda, anarikodi, kisha anawaambia watu wapi chakula ni kizuri na wapi ni kibaya. Watu wengi wanamfuata. Mwezi uliopita alisema urojo wa mama mmoja wa mtaani kwetu umechacha, watu wasiende. Mama yule alikuja nyumbani analia. Anasema urojo wake haukuchacha, ila yeye hutia embe mbichi kwa wingi kama alivyofunzwa na mama yake, na tangu siku ile anarudi nyumbani na nusu sufuria. Mwanangu anasema yeye ameonja na amesema kweli. Jee, kazi hii inafaa katika dini? Na nimwambie nini mwanangu?"

Jibu

Tunamshukuru dada yetu kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Swali hili si la nyumba moja. Siku hizi kila mwenye simu ni shahidi na kila kibanda kina watu wa kukisema. Zamani maneno ya chakula yalikwisha barazani. Leo mtu akisema neno moja Darajani baada ya Magharibi, kabla ya Isha limeshasikika Wete na Mkoani.

Jawabu kwa ufupi ni hii: kazi ya kuwaelekeza watu kwenye chakula kizuri asili yake ni halali, na inaweza kuwa na thawabu. Lakini anayeifanya amejiweka mahali pa shahidi, na shahidi ana masharti yake. Jambo la kwanza analotakiwa alijue ni kutofautisha baina ya ladha ambayo yeye hakuipenda na madhara au udanganyifu ambao watu wana haki ya kuujua. Hayo ni mambo mawili, na hukumu zake ni mbili.

Bwana Mtume (S.A.W.) na chakula asichokipenda

Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula. Akikitamani alikila, na asipokitamani alikiacha. Na aliletewa nyama ya kenge wa jangwani, mnyama ambaye Waarabu humwita dhabb, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) alipomuuliza kama ni haramu, alimjibu kuwa si haramu, bali mnyama huyo hapatikani katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akamvuta kwake akamla, na Mtume (S.A.W.) anamtazama.

Tuzingatie namna alivyosema. Hakusema kuwa nyama ile ni mbaya. Alisema kuwa yeye hakuizoea. Kasoro aliirejesha kwenye nafsi yake, hakuirejesha kwenye chakula wala kwa aliyekipika. Na upande wa pili, imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliomba kitoweo nyumbani kwake, akaambiwa hakuna ila siki, akaiomba hiyo hiyo, akala na huku anaisifu. Siki ni kitu cha watu wa kawaida kabisa, lakini aliisifu.

Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafi tunamtegemea sana, ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba kutokutia ila chakula ni katika adabu za kula, na akataja mifano ya kutia ila: kusema kina chumvi nyingi, kina chumvi kidogo, kichachu, chepesi, hakikuiva, na mfano wa hayo. Baadhi ya wanavyuoni walitaka kutofautisha. Walisema kinachochukiza ni kukitia ila chakula kwa upande wa maumbile yake, kwa sababu hayo ameyaumba Allah. Ama upishi ni kazi ya mwanadamu, na kazi ya mwanadamu inakosolewa. Ibn Hajar al-Asqalani ameitaja kauli hiyo katika Fat-hul Baari, kisha akasema kuwa kinachomdhihirikia yeye ni kwamba adabu hii inachukua yote mawili, kwa sababu kukosoa upishi kunauvunja moyo wa aliyepika.

Sababu hiyo ndiyo tunayotaka vijana wetu waishike. Wanavyuoni hawakuliangalia sahani peke yake. Walimuangalia na mtu aliyeamka alfajiri kukuna nazi na kumenya mbatata. Kwa hivyo, mambo ya ladha tupu, kama vile ukali wa embe, wingi wa pilipili, ugumu wa muhogo au wepesi wa mchuzi, adabu ya Kiislamu ni kuyanyamazia au kuyasema kwa njia ya Mtume (S.A.W.): "Mimi sikuzoea hivi." Hilo halimdhulumu mtu, na msikilizaji anafaidika vile vile.

Ghushi si jambo la ladha

Ama udanganyifu na madhara, hapo mlango ni mwengine. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akauingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta maji. Akamuuliza muuzaji. Yule akasema kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kilichorowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wao. Hadithi hii ameipokea Muslim.

Tazama mpangilio wake. Kwanza alithibitisha kwa mkono wake. Pili alimuuliza mwenyewe na akamsikiliza. Tatu alimuonyesha njia ya sawa. Mwisho akaweka kanuni kwa umma wote. Wengi wetu siku hizi tunaanza na la mwisho, tena bila ya la kwanza.

Waislamu waliokuja baadae hawakuliacha jambo hili kwa kila mtu na ulimi wake. Waliweka muhtasib, msimamizi wa soko. Ash-Shayzari, aliyeandika kitabu chake cha hisba katika karne ya 12, ameweka milango maalumu kwa waokaji, wachomaji nyama, wakaangaji samaki na wapishi: waokaji waweke matundu mapana ya kutolea moshi, na wapishi wavifunike vyombo vyao. Yaani usafi wa chakula cha sokoni ni jambo la sharia tangu zamani, na kulisemea si ukorofi. Visiwa vyetu vimeshapitia miripuko ya kipindupindu zaidi ya mara moja, na kila aliyezika mtu wake anajua kuwa maji machafu na chakula kilichoachwa wazi si mambo ya kufanyiwa haya.

Jee, kukisema kibanda ni kumsengenya mtu?

Wapo wanaosema: "Mimi nimekisema kibanda, sikumsema mtu." Hoja hii inaweza kusikilizwa kwa kampuni kubwa yenye matawi mengi. Hapa kwetu ukisema "urojo wa pale chini ya mwembe karibu na skuli" umeshamtaja mtu kwa jina lake na jina la baba yake. Mtume (S.A.W.) ameifafanua ghiba kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Alipoulizwa, jee, kama jambo lenyewe analo kweli? Akajibu kuwa ukisema alichonacho umemsengenya, na ukisema asichonacho umemzulia. Kwa hivyo neno la kijana kwamba "nimesema kweli" halimtoi moja kwa moja kwenye hatari. Kweli nayo ina mahali pake pa kusemwa.

Pamoja na hayo, wanavyuoni wametaja hali ambazo kumsema mtu kunaruhusika kwa sababu ya maslaha ya kisharia. Imamu Nawawi amezihesabu sita katika Riyadhus Salihin. Zinazotuhusu hapa ni tatu: aliyedhulumiwa kushitaki kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki yake, mwenye kutaka fatwa kueleza yaliyomsibu, na kuwatahadharisha Waislamu na shari kwa njia ya nasaha. Katika sherehe ya Muslim ameutaja hata mfano wa mtu kuona mwenzake ananunua kitu chenye kasoro asiyoijua, kwamba amwambie kwa kumnasihi, si kwa kukusudia kumuudhi muuzaji wala kuharibu.

Mfano mzuri wa mipaka hii ni Fatima bint Qays (R.A.). Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri juu ya wanaume wawili waliomposa, naye akamueleza hali ya kila mmoja: huyu hana mali, na yule fimbo haiondoki begani mwake. Aliulizwa, akajibu. Alitaja kilichohusu ndoa tu, na alimwambia aliyehitaji kujua. Hakupanda juu ya mimbari kuutangazia mji mzima. Nasaha inakuwa na kipimo cha haja, na kinachozidi haja kinarudi kuwa ghiba.

Sisi wenyewe tuliwahi kuteleza

Hatuandiki haya kama watu waliosalimika. Tulipokuwa wanafunzi, tulikuwa tukila asubuhi kwenye hoteli moja ndogo, chapati na maharage. Siku moja tukawaambia wenzetu kwamba supu ya pale ni ya jana, inapashwa moto tu. Maneno yakafika. Mzee mwenye hoteli akatuita pembeni, hakupaza sauti, akatuuliza: "Wanangu, nyinyi supu yangu mliwahi kuinywa?" Hatukuwahi. Tulisikia kwa mwengine, na huyo mwengine naye alisikia. Tulikuwa tumeshaisoma Suratul Hujurat, tena kwa tafsiri, na aya ya 6 inayotuamrisha kuhakikisha khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Tuliijua kwa moyo na tukaivunja kwa ulimi. Tulimuomba radhi mzee yule siku ile ile, lakini wale tuliowaambia hatukuweza kuwakusanya wote. Hawakuzidi watu kumi. Anayesema leo mbele ya maelfu ajiulize atawakusanya vipi.

Masharti ya mwenye kuzungumza juu ya chakula cha watu

Kutokana na dalili hizi, tunawanasihi vijana wetu wenye kazi hii, na kila mmoja wetu anayeandika neno lake kwenye simu, wafuate hatua hizi.

Kwanza, ajiulize: jambo hili ni ladha au ni madhara? Ikiwa ni ladha, aseme kama mtu anayeieleza nafsi yake. "Urojo huu una ukali wa embe, anayependa ukali ataufurahia" ni neno la kweli na halimvunji mtu. "Umechacha" ni neno jengine kabisa. Kuchacha ni kuharibika. Ni tuhuma kwamba mtu anauza chakula kilichoharibika.

Pili, amuulize mwenyewe kwanza. Sentensi moja inatosha: "Mama, samahani, naona urojo wa leo mkali, umetiwa nini?" Lau swali hilo lingeulizwa, huenda lingejibiwa kwa kicheko na kijiko cha pili. Urojo una wapishi wa aina nyingi. Wako wanaoutia ukali kwa embe mbichi, wako wa ukwaju, na wako wa ndimu. Mtu aliyelelewa na mmoja anaweza kumdhania vibaya mwengine. Na kama kweli kuna kasoro, fiqhi imempa mnunuzi haki yake: akigundua kasoro ambayo hakuijua, anaweza kukirejesha kitu na kurejeshewa fedha zake. Adai haki hiyo kwanza kabla ya kudai hukumu ya umma.

Tatu, aseme alichokiona tu, na aseme amekiona mara ngapi. Kula mara moja ni kula mara moja. Mpishi anaweza kuwa na siku mbaya, mtoto wake mgonjwa au moto umemkatikia. Asijenge hukumu ya mwaka mzima juu ya sahani moja.

Nne, awe muangalifu sana na madai ya kuumwa. Mtu akiharisha usiku, anakilaumu chakula cha mwisho alichokila. Madaktari wanatufahamisha kuwa dalili za kipindupindu, kwa mfano, zinaweza kuanza baina ya saa 12 na siku 5 tangu vimelea kuingia mwilini. Ndani ya siku 5 mtu amekula wapi na wapi, na amekunywa maji ya nani? Aende hospitali apimwe, asimhukumu mtu kwa dhana. Allah (S.W.) ametutaka tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi.

Tano, madhara yakithibiti, apeleke kwa wenye mamlaka. Tuna mabwana afya, tuna mabaraza ya miji na manispaa, na tuna Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Hao wana uwezo wa kuingia jikoni, kuchukua sampuli na kusimamisha biashara au kuiacha iendelee. Hiyo ndiyo hisba ya zama zetu. Mwenye kunyamaza juu ya madhara ya kweli naye analaumiwa, kwa sababu kuficha ushahidi kumekatazwa kama vile kulivyokatazwa kuupotosha. Na ikiwa kuna hatari ya haraka, kama vile mtu anauza nyama iliyooza na watu wananunua, basi hapo kuwaonya watu papo hapo ni wajibu.

Sita, asifanye dhihaka. Kuitema tonge mbele ya kamera, kukunja uso, kucheka bati lililotoboka au kanga aliyoivaa mpishi, yote hayo hayana nasaha ndani yake. Ukiiondoa dhihaka na maneno yaliyobaki hayana faida, basi ujue ulikuwa ukiuza dhihaka.

Saba, aihifadhi sitara ya waliokaa. Kuna mama aliyefungua ushungi wake kula pembeni na watoto wake, kuna mzee asiyependa kuonekana, kuna mtu amekula kwa mkopo. Asiwapige picha bila ya idhini yao. Na chakula akimalize. Kuonja vijiko viwili kwa ajili ya picha kisha kukiacha ni israfu, na Mtume (S.A.W.) ametuusia hata tonge iliyoanguka tuiokote, tuisafishe na tuile.

Kusifia kwa malipo

Upande wa sifa nao una hatari zake, na watu wengi hawauoni. Mwenye hoteli anampa kijana chakula bure, au fedha, ili asifie. Jee, inafaa?

Kulipwa ujira wa kutangaza biashara halali ni jambo linalofaa kwa masharti mawili: aseme kweli, na awaambie watu kwamba amelipwa au amelishwa bure. Akilificha hilo, msikilizaji anadhani anasikiliza shahidi kumbe anasikiliza tangazo. Mtume (S.A.W.) alikataza najsh, nayo ni mtu kupandisha bei ya bidhaa asiyotaka kuinunua ili mwengine ahadaike. Sifa ya uongo kwa malipo inafanana nayo kwa sababu, kwani pote pawili kuna mtu anajifanya mnunuzi ili amvute mnunuzi.

Tena kuna kisa cha mtu aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akasema: hichi ni chenu na hichi nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi ile ingemfuata. Yule alikuwa mtumishi wa umma na kijana wetu si mtumishi wa umma, kwa hivyo hatuzifanyi hukumu mbili kuwa moja. Lakini kipimo chake ni kizuri. Sahani ya pweza iliyokufuata kwa sababu ya simu yako haikuja kwa ajili ya mapenzi. Kuwa na hadhari nayo. Na aliye mbaya kuliko wote ni yule anayemwambia mwenye kibanda: "Nilipe, usiponilipa nitasema vibaya." Hiyo ni kula mali ya watu kwa batili, na haina jina jengine.

Kuhusu kuulizia halali

Baadhi ya ndugu hueneza maneno kwamba kuku wa mahali fulani hawakuchinjwa, au nyama haijulikani imetoka wapi. Tukumbuke hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) aliyoipokea Bukhari: watu walimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa wanaletewa nyama na watu, na wao hawajui kama watu hao walilitaja jina la Allah au la, naye akawaamrisha wao walitaje jina la Allah na wale. Asili ya chakula cha Muislamu ni usalama. Hatukukalifishwa kumhoji kila muuza mishkaki.

Hilo halifuti uangalifu mahali penye sababu ya wazi, kama vile hoteli zinazohudumia watalii zikauza ulevi na nyama ya nguruwe kwa dhahiri. Mahali kama hapo kuuliza ni haki yako, na kumwambia mwenzako ni nasaha. Lakini kuanzisha uvumi juu ya kibanda cha jirani yako anayesali safu moja na wewe, kwa kuwa tu kuku wake ni wa barafu, hilo halifai.

Neno kwa wapishi na wauzaji

Insafu inatutaka tuzungumze na upande wa pili. Ndugu zetu mnaouza chakula, msiichukue kila nasaha kuwa ni uadui. Anayekwambia kuwa mafuta yako yamekuwa meusi amekusaidia kabla ya bwana afya. Funikeni vyakula, na osheni mikono kwa sabuni. Bakuli zisioshwe kutwa nzima kwenye ndoo moja ya maji. Kilichobaki jana kisichanganywe na cha leo. Kama kinauzwa, mnunuzi ajue, kwani hilo ndilo alilolitaka Mtume (S.A.W.) kwa yule muuzaji aliyekificha kilichorowa chini. Na vipimo visipungue. Aliyeahidiwa mishkaki minne apewe minne, na Suratul Mutaffifin mnaijua.

Na mkikosolewa kwa kweli, rekebisheni, kisha muiteni aliyewakosoa aje kuonja tena. Mpishi anayefanya hivyo hujenga jina ambalo halivunjwi na simu ya mtu mmoja.

Dada yetu umwambie nini mwanao

Sisi hatukuwepo, urojo hatukuuonja, na hatuwezi kuhukumu kama ulikuwa umechacha au la. Lakini kwa namna swali lilivyoelezwa, kijana alitoa tuhuma ya kuharibika kwa chakula bila ya kuuliza, kwa kuonja mara moja, na akawazuia watu wasiende. Yote hayo ni kinyume na masharti tuliyoyataja. Kwa hivyo tunamnasihi afanye mambo manne.

Aende mwenyewe kwa mama yule, asitume mtu wala ujumbe, amuombe radhi. Imamu Nawawi ametaja katika masharti ya toba kwamba haki ya mwanadamu hurejeshwa kwa mwenyewe, na kama ni ghiba, aombwe amsamehe. Aende na mama yake, itakuwa heshima zaidi: "Mama, nilisema neno sikulihakiki, naomba unisamehe."

Kisha arekebishe pale pale alipoharibu na kwa sauti ile ile. Kosa lililosemwa mbele ya maelfu halifutwi kwa radhi ya chumbani. Aifute ile ya mwanzo, aseme kuwa alikosea kutumia neno kuchacha, na aeleze urojo wa embe mbichi ni kitu gani. Hilo pengine litakuwa na manufaa kwa watu kuliko yote aliyoyafanya mwaka huu, kwa sababu vijana wengi hawajui namna bibi zao walivyokuwa wakipika.

Tatu, amfidie kwa anachoweza. Hatusemi kwamba lazima alipe kila bakuli ambalo halikuuzwa. Hilo likigombaniwa ni la wenye kuhukumu, si la makala. Lakini wema una njia nyingi: anunue kwake, awalete wenzake, amsaidie kubeba maji na kupanga mabenchi mpaka wateja warejee.

Nne, kazi yake asiiache ikiwa ataisimamisha juu ya haki. Kuna wajane na wazee wengi katika visiwa hivi wanaopika vizuri na hawajulikani. Kijana mwenye ulimi wa kweli anaweza kuwa sababu ya riziki yao, na riziki hiyo ikasomesha watoto. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha na muflisi wa umma wake, mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, lakini amemtukana huyu, amemsingizia huyu na amekula mali ya huyu, wote wakachukua katika mema yake mpaka yakaisha. Kijana wako ana miaka 19, mlango wa kurekebisha uko wazi, na mwenye haki anakaa mtaa mmoja na yeye. Asichelewe.

Tunamuomba Allah (S.W.) abariki riziki za wapishi wetu, azihifadhi ndimi za vijana wetu, na atuliwaze wote kwa halali Yake. Amin.

Wallahu a'lam, wa billahi tawfiq.